Aliulizwa Mtoto, Akajibu Kanzu

Swali lake lilikuwa moja, na hakungoja salamu ziishe ndipo alitoe. Unamwamkia shikamoo, anaitikia marahaba, anakuuliza habari za nyumbani, na kabla hujamaliza kusema ni njema macho yake yameshakuacha wewe na kumwendea mbwa aliyelala nyuma yako. "Amechanjwa?"

Siku niliyoulizwa mimi kwa mara ya kwanza nilikuwa mgeni Nguvumali. Tulikuwa tumehamia kutoka Usagara, mimi, mume wangu na binti yetu Upendo, na cherehani zangu mbili, na mbwa wetu Bosi, ambaye mume wangu alimleta baada ya wezi kutuingilia na kubeba vitambaa vya wateja. Nilipomwona mzee wa kanzu na kofia amesimama nje ya uzio, fimbo mkononi, niliacha cherehani nikatoka. Nilikwisha kuambiwa kwamba huyo ndiye Maalim, mwenye chuo cha Kurani cha pale mtaani, aliyewafundisha baba za watoto anaowafundisha sasa. Mimi ni Msambaa, Mlutheri, nimekulia Lushoto na mbwa uani, lakini nimekaa pwani vya kutosha kujua kwamba kwa wenzetu Waislamu mate ya mbwa ni najisi, na kwamba mtu aliyetawadha hapendi kupanguswa na mkia. Nikajua amekuja kushtaki. Nikaanza kuomba radhi kabla hajasema neno, naye akaninyamazisha kwa kuinua fimbo kidogo.

"Sikuja kumfukuza mbwa wako, mama. Nimeuliza, amechanjwa?"

Nikasema sijui, mume wangu ndiye anayejua.

"Mumeo yuko wapi?"

"Kazini, Maalim."

"Na mbwa yuko wapi?"

"Si huyu hapa."

"Basi anayeshinda na mbwa ndiye wa kujua."

Akaenda zake. Kesho yake akarudi na swali lilelile, na kesho kutwa vilevile, mpaka mume wangu akasema afadhali kudaiwa na benki kuliko kudaiwa na Maalim. Tukampeleka Bosi kwa bwana mifugo akachomwa sindano ya kichaa cha mbwa, akapewa na dawa ya minyoo. Nilipomwonyesha Maalim kadi, aliishika kwa ncha za vidole, akaisoma yote, akanirudishia. Nilitegemea angalau ahsante. Alisema, "Mwakani tena."

Nimewahi kuwashonea watu wakubwa, mashehe, wachungaji na hata mkuu wa wilaya mmoja, na sikumwogopa yeyote. Maalim nilimwogopa. Na zaidi ya kumwogopa nilimstaajabia, na hadi leo sijamaliza kumstaajabia.

Kwanza, alikuwa na nguo za mbwa. Nyuma ya nyumba yake, karibu na bomba la nje, palikuwa na msumari, na kwenye msumari palitundikwa ovaroli ya buluu iliyopauka. Chini yake palikaa viatu vya mpira na bakuli la udongo safi lililofunikwa kwa kawa. Mbwa wake walikuwa wawili, wanalinda mbuzi kwenye banda uani, na hawakuwahi kukanyaga ndani. Kila alasiri, baada ya kuwaruhusu wanafunzi, Maalim alivua kanzu, akaikunja, akaingia kwenye ovaroli, akaenda kuwakagua. Aliwafunua masikio akatafuta kupe. Aliwatenganisha vidole vya miguu, kimoja kimoja, maana kupe mjanja hukaa pale. Aliwainua midomo akatazama fizi. Akimaliza alijiosha mikono na kila palipoguswa na mate mara saba, moja kwa udongo, kama alivyofundisha chuoni, akaoga, ndipo akarudi kwenye kanzu yake. Mkewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Bibi, alikuwa akisema ameolewa na wanaume wawili. "Wa kanzu namjua. Huyu wa ovaroli havuki kizingiti changu mpaka aoge."

Watu walisema, hawakukosa kusema. Barazani kwa muuza kahawa Ngamiani walimwita Maalim Mbwa, nyuma ya mgongo wake lakini si mbali sana na mgongo. Alijua. Mara moja kijana mmoja alijitia kumtetea, akasema mbele yake kwamba Maalim anawapenda mbwa kwa sababu ya yule mtu wa zamani aliyemnywesha maji mbwa mwenye kiu akasamehewa. Maalim akamkata. "Mimi simpendi mbwa," alisema. "Nina mbwa uani kwangu, na juu ya alicho nacho mtu ataulizwa. Nitaulizwa. Basi."

Hilo lilikuwa neno lake, nitaulizwa. Alilisema kuhusu mbuzi, kuhusu wanafunzi, kuhusu bomba linalovuja. Wengine wanapolisema huwa wanatisha wenzao. Yeye alilisema kama mtu anayekumbuka miadi.

Nilikuja kujua kwa nini siku ya chanjo. Kila mwaka bwana mifugo na wenzake huja kwenye uwanja wa mpira, na watu huleta mbwa wao wamefungwa kamba za manila, mikanda ya suruali, minyororo ya baiskeli. Ni vurugu ya kubwekeana na kukojoleana. Mwaka wetu wa kwanza nilikuwa katika mstari na Bosi, nikamwona Maalim anapanda juu ya kreti ya soda, amevaa kanzu yake nyeupe. Nikamwuliza jirani yangu, mama mmoja Mdigo muuza maandazi, kuna nini. "Nyamaza usikie," akanijibu. "Husema kila mwaka."

Alisema hivi. Alikuwa na mwanafunzi, mtoto wa kiume, mwenye sauti nzuri na kuchelewa kila siku. Asubuhi moja mtoto akiwa njiani kuja chuoni aliumwa na mbwa mzururaji kwenye kifundo cha mguu. Mama yake alimleta moja kwa moja kwa Maalim, kwa sababu Maalim ndiye aliyeulizwa kila kitu. Akamwambia, mwanangu kaumwa na mbwa, nifanyeje? Na Maalim akamjibu vizuri. Akamweleza kwamba mguu na kanzu ya mtoto vioshwe mara saba, moja kwa udongo. Aliwaita hata wanafunzi wengine wakae waone namna ya kutwaharisha, maana somo lilikuwa limejileta lenyewe. Wakaosha, wakapaka udongo mpaka juu ya kidonda, wakasuuza. Mama akashukuru, akaondoka ametulia. Kidonda kilikuwa kidogo, kikakauka. Wiki zikapita. Siku moja mtoto akapelekewa maji ya kunywa, akayaona, akaanza kutetemeka.

Hapo Maalim aliikatisha habari ya mtoto. Kichaa cha mbwa ni ugonjwa ambao ukishaonyesha dalili hauna dawa, na hakuna asiyejua mwisho wake.

"Yule mama aliniuliza mtoto," alisema, "nami nikamjibu kanzu. Nilichosema kilikuwa kweli, lakini hakikuwa jibu lake. Kila swali na jibu lake. Ukiumwa na mbwa, swali la kwanza ni roho. Maji yanayotiririka na sabuni, muda mrefu, mpaka uchoke, kisha hospitali ukachomwe sindano, zote, usikatishe. Twahara ina nafasi yake, na kidonda kina udhuru wake. Haya, leteni mbwa."

Akashuka kwenye kreti. Nilikuwa nimeshika kamba ya Bosi huku machozi yananitoka, na wala sikuona haya. Nimewaona watu wakiungama mbele za Mungu kanisani, kichwa chini, kwa sauti ya pamoja ambamo kosa la mtu halisikiki. Huyu alipanda juu ya kreti mbele ya wanafunzi wake, wazazi wao na mbwa sitini wanaobweka, akasema nilikosea, akaeleza nilikosea vipi. Miaka yote niliyokaa Nguvumali alilisema vilevile, karibu neno kwa neno. Vijana wakimwambia, "Maalim, watu wanaijua hiyo," huwajibu, "Yupo aliyehamia mwaka huu."

Inasemekana baada ya kumzika yule mtoto alikwenda kwa bwana mifugo, akakaa barazani kwake kama mwanafunzi mpya, akaomba afundishwe mbwa tangu herufi ya kwanza. Bwana mifugo alikuwa kijana wa umri wa mwanawe. Maalim alimwamkia "mwalimu" tangu siku ile, na kijana wa watu hakuzoea kamwe.

Aliporudi kutoka huko aliuletea mtaa balaa la ndoo. Kila nyumba yenye mbwa ilitakiwa iwe na ndoo ndogo yenye mfuniko, imetundikwa mahali ambapo kila mtu anapafikia. Aliiita ndoo ya siku hiyo. Siku gani, hukuhitaji kuuliza. Ndani palikuwa na utepe mrefu wa kitambaa, vitambaa safi, sabuni ya mche, chupa ya maji na shuka kuukuu, na juu ya mfuniko, kwa rangi ya mafuta, namba ya simu ya bwana mifugo. Alikuwa akipita kukagua. Siku moja alifunua ya kwangu akakuta maharage, kwa sababu nilikuwa nimekosa pa kuyaweka na panya walikuwa wamezidi. Aliyatazama maharage, akanitazama mimi.

"Mbwa akigongwa, Mama Upendo, utampikia?"

Tena alikuwa na mazoezi yake. Unakaa zako unashona, hodi, Maalim huyo. Marahaba, hamjambo, kisha anasema, "Mbwa wako amegongwa na bodaboda sasa hivi, yuko pale mlangoni, analia. Haya." Na anasimama, mikono nyuma, anakutazama. Hapo huna ruhusa ya kucheka. Unakimbilia ndoo, unakwenda kwa mbwa ambaye amelala kivulini na afya yake tele, unaanza. Mara ya kwanza nilimkumbatia Bosi shingoni kumtuliza, Maalim akasema, "Umeshaumwa uso. Mbwa mwenye maumivu hamjui bwana wake. Funga mdomo kwanza." Akanionyesha namna ya kuuzungusha utepe kwenye pua, kuupitisha chini ya kidevu, kuufunga nyuma ya masikio, usikaze mpaka akose pumzi, na usimfunge anayetapika. Akanionyesha kubonyeza ufizi kwa kidole na kuachia: wekundu ukirudi upesi, kuna nafasi; ufizi ukiwa mweupe kama chaki, damu inavuja ndani, usipoteze wakati kubembeleza. Akaniuliza nitambeba na nini. Nikasema mikononi. Akatikisa kichwa. "Na mgongo ukiwa umevunjika? Tafuta kitu bapa." Akazungusha macho chumbani, akayatua kwenye ubao wangu wa kupigia pasi.

Nilinung'unika wiki nzima. Ubao wa pasi wa fundi ni mkono wake wa tatu. Lakini siku ilipokuja, ilikuja na bodaboda kwelikweli, mbele ya mashine ya kusaga, saa za mchana, na Bosi akaburuzwa mpaka mtaroni. Sikumbuki kufikiri. Mikono yangu ilijua. Utepe, ufizi, ubao, shuka juu yake, bajaji. Nilipoinua kichwa nilimwona Maalim amesimama kando na ovaroli yake, hajanyoosha hata kidole, ananitazama tu kama anavyomtazama mwanafunzi anayesoma kwa ghibu. Alikuwa amefika mapema, niliambiwa baadaye, akawazuia watu wasiniingilie. Bosi alivunjika mguu mmoja, akaishi akichechemea miaka mingine mingi. Nilipokwenda kumshukuru Maalim alifikiri kidogo.

"Ulichelewa kufunga mdomo," alisema.

Hayo ndiyo yaliyokuwa maua yake, ukiyapata unashukuru.

Alikuwa na vituko vyake. Paka, ambao wamejaa misikitini na kila mtu anawabusu, walimfanya apige chafya mpaka kofia idondoke, na wao kwa uchokozi wa paka walimfuata yeye. Alichukia kuona mbwa anatupiwa mifupa ya kuku iliyopikwa, akisema inapasuka kama miba, na harusini aliwahi kuinuka kwenye pilau kwenda kuiokota. Mbwa wake hakuwapa majina. Alisema jina ni kujizoeza, na kujizoeza kunaleta mengine. Lakini mmoja wao, jike mzee, alipokufa, chuo kilifungwa siku mbili. Watoto waliambiwa Maalim ana homa. Bibi aliniambia kwenye foleni ya mashine ya kusaga kwamba homa haikuwapo, na kwamba alikuwa amekaa bandani kwa mbuzi, na ovaroli yake, anatengeneza mlango ambao haukuwa umeharibika. "Humpendi mbwa, sio?" alikuwa amemwambia. Naye akamjibu, "Nipishe, nina kazi."

Sasa niseme ya Upendo.

Alikuwa darasa la nne. Nilimtuma dukani kwa uzi mweusi, akarudi bila uzi, analia, damu inamchuruzika kwenye shavu la mguu. Mbwa asiyejulikana, mwenye udenda, alimtokea kichochoroni, akamuuma, akaendelea na safari yake kama hakumwona. Mama Mdigo wa maandazi akasema nimpondee pilipili nimpake, ndivyo kwao walivyofanya. Mwingine akaja na mafuta ya taa. Mimi nilimbeba binti yangu mgongoni nikakimbilia kwa Maalim, maana bomba lake halikuwa likikatika maji.

Alikuwa barazani anasomesha. Alipoona mguu, alisimama. Ovaroli ilikuwa pale msumarini, hatua chache tu, nami nilingoja aiendee, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona akigusa jambo la mbwa na kanzu. Hakuiendea. Alipiga magoti kwenye matope ya bomba, kanzu nyeupe na yote, akauchukua mguu wa Upendo, akafungulia maji, akaanza kuusugua kwa sabuni, povu jekundu, kisha la waridi. Na huku anaosha akaanza kusoma Yasin kwa sauti ya taratibu, ileile ya kusomesha. Mwanzoni nilidhani anamwombea. Kumbe pia ndiyo ilikuwa saa yake. Alikwisha kuipima kwamba Yasin ya kusoma bila haraka ni robo saa, na robo saa ndiyo aliyoambiwa na bwana mifugo. Mzee mmoja aliyekuwa akipita akaguna, akasema Kurani haisomwi juu ya mate ya mbwa. Maalim alifika mwisho wa aya, akavuta pumzi.

"Nasoma juu ya mtoto," alisema, na akaendelea alipoishia.

Upendo aliacha kulia. Wanafunzi walikuwa wamejipanga ukutani, hakuna aliyesogea. Sikuijua hata aya moja ya ile sura, lakini niliifuata kwa moyo wote, na iliponijia kwamba inaelekea kwisha nilitamani isiishe, kwa sababu niliona kwamba maadamu inaendelea mwanangu yuko salama. Ilipoisha, Maalim aliinuka na magoti yake yenye tope, akapanda nasi bajaji mpaka hospitali, akakaa kwenye benchi na kanzu ile ile mpaka sindano ya kwanza ikachomwa. Siku ya kila sindano iliyofuata alikuwa nje ya uzio wangu asubuhi. "Mama Upendo, leo ni sindano." Nilikuwa nakumbuka, lakini nilipenda kuisikia sauti yake.

Na sindano zilipokwisha niliendelea kuogopa. Kila asubuhi nilimmiminia Upendo maji kwenye kikombe, nikajifanya napanga vitambaa, nikamtazama anavyokunywa. Maalim alilijua hilo bila kuambiwa. Alikuwa akipita, anasimama kidogo kwenye uzio, anauliza, "Kanywa?" Namwambia kanywa. Anakwenda zake. Upendo leo yuko Muheza, ana mtoto wake, na mimi nikimtembelea bado namtazama akinywa maji.

Baada ya siku ile Maalim alitufundisha wote kuosha kwa muda. Waislamu walikuwa na Yasin. Sisi akatuambia tuchague wimbo wetu wa kanisani, beti zote, tuurudie mpaka saa itimie. Mimi nilichagua wimbo wetu wa mavuno, ambao huuimba nikiwa kwenye cherehani, na nyumba zetu zimepakana kiasi kwamba kikohozi cha huku huitikiwa pole kule.

Maalim ametangulia mbele ya haki mwaka huu, kwa maradhi ya moyo. Bibi aliniambia kwamba aliomba maji, akayanywa yote, akarudisha glasi, akalala. Nilishukuru sana kusikia habari ya glasi.

Mara ya mwisho nilipokaa naye kwa kweli ilikuwa mwaka jana, karibu na Idi. Nilikuwa nimemshonea kanzu mpya. Pumzi zake zilikuwa zimekuwa fupi, chuo alikuwa amekwisha kumwachia mwanafunzi wake wa zamani, na vijana walikuwa wakimsaidia kulisha mbuzi. Nilipiga hodi mbele, Bibi hayupo, alikuwa amekwenda msibani Ngamiani. Nikazunguka nyuma. Maalim alikuwa amekaa kwenye kigoda chini ya bomba, mkono wa kulia kwenye maji, damu kwenye kiganja. Kando yake, chini ya tenga la kuku lililowekewa jiwe juu, kulikuwa na mbwa mdogo mchafu anayenguruma.

"Watoto walikuwa wanampiga mawe," alisema. "Nikamwinua. Sikufunga mdomo kwanza."

Alisema hivyo na kunitazama, na nadhani alikuwa anangoja nimcheke. Sikuweza. Nikamwuliza ameosha kiasi gani.

"Sijui. Nimeanza Yasin mara tatu. Pumzi inakatika katikati, nasahau nilipofika, narudi mwanzo."

Sabuni ilikuwa imemponyoka, iko kwenye matope. Nikaweka kanzu mpya juu ya ukuta, nikapiga magoti, nikauchukua mkono wake, mkono ambao katika miaka yote ile sikuwahi hata kuupa wangu kwa salamu, kwa kuwa alikuwa mtu wa adabu zake nami nilizijua.

"Mimi Yasin siijui, Maalim."

"Una wa kwako," alisema. "Imba."

Nikaimba. Nilikuwa nimeshonea wimbo ule maelfu ya nguo. Chuoni, mbele ya nyumba, watoto waliacha kusoma. Nilisugua kiganja, kati ya vidole, juu ya kifundo, maji yakapita. Maalim alifumba macho. Nilikuwa nimeingia beti za mwishomwisho aliponisimamisha.

"Umeruka ubeti."

"Upi, Maalim?"

"Wa mvua. Ule wa mvua ya kwanza. Unakuja baada ya ule wa mbegu."

Miaka yote ile alikuwa akiusikia ukutani. Nikarudi kwenye mbegu, nikaimba mvua, nikaimba mpaka mwisho, nikaanza tena, nikaimba wote mpaka nikajua kwamba muda umetosha na kupita. Nilipofunga maji nilikuwa nalia, naye alijifanya anachunguza kidonda.

Nikamwita mwalimu kijana wa chuo aende kutafuta bajaji. Nikataka kumfuata mbwa mdogo, Maalim akanizuia. "Asiuawe. Muwekee maji, bwana mifugo aje amtazame siku kumi. Akibaki mzima, mtajua. Akifa, mtajua pia." Kisha akainua mkono wa kanzu aliyovaa. Ulikuwa umelowa udenda na damu. Nikajua anafikiri nini, kwa sababu Idi ilikuwa karibu na Bibi wa kuitwaharisha hayupo.

"Ingia ndani ubadilishe," nilimwambia. "Nipe hiyo."

"Utaiweza?"

"Si umefundisha mtaa mzima? Swali la roho tumelijibu. Sasa hili la kanzu."

Aliichukua ile mpya ukutani, akaingia, akatoka nayo, imemkaa sawasawa mabegani, nashukuru Mungu. Mimi nilikuwa nimekwisha kufunua bakuli la udongo. Ya kwanza niliisugua kwa udongo na maji, nikasuuza. Ya pili. Ya tatu. Alikaa kwenye kigoda, ananitazama kama siku ile ya ubao wa pasi. Bajaji ikapiga honi nje. Mwalimu kijana akaja kumshika mkono. Maalim akasimama, akavuta pumzi, akageuka.

"Umefika ya ngapi?"

"Ya sita, Maalim."

"Usiache hapo."

"Siachi."

Alikwenda hatua mbili, akasimama tena, bila kugeuka safari hii.

"Nikiulizwa, Mama Upendo," alisema, "nitakutaja."

Wakaondoka. Nilisikia bajaji inapinda kona kuelekea hospitali. Nikafungulia maji, nikaisuuza kanzu mara ya saba, nikaikamua, nikaianika juani.